Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo na Kamati ya Ujenzi: jengeni ukimya kabla ya kununua kamera

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ujenzi, na ndugu msanifu uliyechora jengo hili,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi sauti. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kushika fimbo ya maiki juu ya vichwa vya waigizaji, na kuwa yule mtu asiyependwa anayesema "samahani, turudie" kila pikipiki inapopita nje. Nimeifundisha kazi hiyo pia, kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja, na muhula ujao nitaifundisha kwenu. Ndiyo maana nilisimama mbele ya mchoro wa studio mpya ya filamu mlioubandika kwenye ukumbi wa utawala, nikautazama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea njia.

Mchoro unapendeza. Ukuta wa mbele ni vioo kuanzia chini hadi juu, ili mgeni anayepita awaone wanafunzi kazini. Kuna studio mbili pacha, kila moja mita 9 kwa 8, dari mita 3.2. Juu yake umewekwa ukumbi wa mihadhara. Ubavuni pana chumba cha jenereta, na nyuma uwanja wa mpira wa kikapu. Kando ya mchoro kuna orodha ya vifaa, kurasa sita, imetaja hadi mabegi ya kubebea lenzi. Nilisoma maelezo yote mara mbili nikitafuta neno "kelele". Sikuliona.

Ningeweza kupitisha barua masjala. Nimeandika hadharani kwa sababu zabuni itatangazwa karibuni, na wanafunzi watakaoishi na jengo hilo wana haki ya kuyasikia mabishano haya kabla zege halijamwagwa. Ninachoomba ni kubadilisha utaratibu wa matumizi: fedha na akili ziende kwanza kwenye mambo yasiyorekebishika jengo likishasimama, yaani ukimya, urefu wa dari, hewa, milango na njia za nyaya. Kamera ziwe za mwisho kununuliwa.

Nianze na vioo, maana najua vinapendwa.

Studio yenye kuta za vioo ni wazo la zamani sana. Mwaka 1893 Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alikuwa na banda lake la kupigia picha huko West Orange, New Jersey, lililopewa jina la Black Maria. Paa lake lilifunguka, na banda zima lilizungushwa juu ya reli ili kulifuata jua, kwa kuwa filamu za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi mno. Mwaka 1897 Georges Méliès, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, akajenga studio yake Montreuil, pembezoni mwa Paris, nyumba ya vioo mithili ya kitalu cha maua. Watu wa studio za Babelsberg, jirani na Berlin, nao wakaanza kazi katika studio ya vioo Februari 1912. Wote walikuwa na sababu nzuri: jua ndilo lililokuwa taa yao, na filamu hazikuwa na sauti. Seremala aliweza kugongelea misumari seti ya pili huku mwigizaji wa kwanza analia machozi, na hakuna aliyeharibikiwa.

Mwaka 1927 filamu za mazungumzo zikapata soko, na nyumba zile za vioo zikageuka mzigo. Hata kamera zenyewe zilikuwa na makelele kiasi kwamba zilifungiwa ndani ya vibanda pamoja na mpiga picha wake, akitoka humo ameloa jasho. Babelsberg hawakuchelewa: mwaka 1929 walijenga kumbi nne za matofali zilizopangwa kwa umbo la msalaba, bila madirisha, kwa ajili ya kurekodi sauti. Mchoro wenu, kwa hesabu hiyo, ungekuwa wa kisasa kabisa mwaka 1912.

Nafahamu vioo viliwekwa kwa nia gani. Wazazi na wafadhili wanataka kuona. Basi wekeni skrini kubwa ukumbini, iunganishwe na picha inayotoka studio. Mgeni ataona zaidi ya atakavyoona kupitia kioo. Kupitia kioo ataona mgongo wa kitambaa cheusi, maana jambo la kwanza atakalolifanya fundi taa yeyote siku ya kwanza ni kuvifunika vioo hivyo vyote, na jambo la pili ni kumlaani aliyeviweka.

Sasa niseme ninachokijua vizuri zaidi.

Niliwahi kufundisha katika chuo ambacho sitakitaja. Studio yake ilikuwa chini ya madarasa, na kiyoyozi chake kilikuwa kimefungwa juu ya paa la studio yenyewe. Kilipokuwa kinafanya kazi, maiki zilinasa mngurumo mfululizo ambao hakuna programu iliyoweza kuuondoa bila kuifanya sauti ya mwigizaji isikike kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Kwa hiyo tulikizima. Kukizima kulihitaji kumpigia simu mtu wa matengenezo, naye alikuwa na funguo za jengo zima. Kikishazimwa tulikuwa na dakika nane, tisa tukibahatika, kabla chumba hakijageuka tanuri na vipodozi kuanza kuteremka usoni. Tukawa tunapiga mashoti kwa mwendo wa watu wanaokimbia mvua. Na juu ya vichwa vyetu, kila saa kamili, viti mia viliburutwa kwa pamoja, mhadhara mmoja ukitoka na mwingine ukiingia.

Wanafunzi wale wakawa hodari wa kuingiza sauti upya baada ya kurekodi, kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Hawakuwa na njia nyingine. Kati ya filamu fupi kumi na moja za mwaka ule, sauti ya papo kwa papo iliyofaa kutumika ilitoka kwenye mbili, na hizo mbili zilipigwa nje, shambani.

Ukimya wa chumba unapimika, kwa hiyo unaweza kuandikwa kwenye mkataba. Wahandisi wa sauti hutumia viwango vya kelele ya chumba viitwavyo NC: namba ikiwa ndogo, chumba ni kimya zaidi. Ofisi ya watu wengi huwa karibu na NC 40. Studio ya kurekodia mazungumzo hulengwa kati ya NC 15 na 25. Andikeni kwenye zabuni kwamba studio ikiwa tupu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, isizidi NC 20, na kwamba mkandarasi hatalipwa malipo ya mwisho kabla mpimaji asiyefungamana naye hajaingia na kifaa chake kuthibitisha. Sentensi hiyo moja itafanya kazi kubwa kuliko kurasa zote sita za vifaa. Msisitizo uwe kwenye maneno "kiyoyozi kikiwa kimewashwa". Mkiyaacha, mtapimiwa chumba kilichozimwa kila kitu saa nane usiku, nacho kitafaulu.

Ukimya huo hauji kwa kunenepesha ukuta peke yake. Ukiongeza uzito wa ukuta maradufu, unaongeza kinga ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) kama 6 tu, kwa hiyo ukuta mmoja mnene unakula fedha haraka bila kufika mbali. Njia iliyozoeleka ni kujenga chumba ndani ya chumba: kuta mbili zisizogusana, kati yake pengo la hewa lenye sufi ya madini, dari ya ndani inayoning'inia kwenye springi, na sakafu iliyokaa juu ya mpira au springi ili mtetemo wa jengo usipande hadi miguuni mwa mwigizaji. Wakati wa ujenzi ni lazima awepo mtu wa kukagua kila siku, kwa sababu fundi mmoja mwenye haraka akiacha mabaki ya saruji yakaziunganisha zile kuta mbili, sauti imepata daraja na gharama yote imepotea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa wenyewe ndio unaoua ukuta. Upenyo wenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta unaishusha kinga ya ukuta wote hadi desibeli 20 hivi, hata kama ukuta wenyewe ni zege la nusu mita. Upenyo huo unapatikana kirahisi: chini ya mlango, pembeni mwa bomba la nyaya, nyuma ya masanduku mawili ya soketi yaliyopeana migongo. Hivyo mlango wa watu uwe na chumba kidogo cha katikati chenye milango miwili, mmoja ufungwe ndipo mwingine ufunguliwe, na juu yake iwepo taa nyekundu inayowaka kamera zikiwa kazini. Taa hiyo iunganishwe na swichi iliyo studio, na walinzi na wafanya usafi wafundishwe maana yake.

Tafadhali pia msikubali mtu awaambie kwamba sponji na trei za mayai zitatatua tatizo. Sponji inapunguza mwangwi wa ndani, tena wa sauti nyembamba. Haizuii kelele ya nje hata kidogo. Wimbi la sauti la hezi 100, ambalo ndilo mngurumo wa jenereta na malori, lina urefu wa mita 3.4, sponji ya sentimita 5 ni kama pazia mbele ya tembo.

Nikitaja tembo, milango mikubwa ya studio za Hollywood huitwa milango ya tembo. Mchoro wenu una mlango wa upana wa sentimita 90. Mwanafunzi atakayejenga ukuta wa seti karakana atalazimika kuukata vipande ili uingie, kisha auunge tena ndani ya studio, kwa nyundo, huku wenzake wakisubiri kurekodi. Mlango wa mita 3 kwa 3 au zaidi, mzito, wenye mpira wa kuziba pande zote, unaofunguka kuelekea mahali lori linapoweza kuegesha, ndio utakaoamua kama chuo kitatengeneza filamu zenye seti au filamu za watu wawili waliokaa mbele ya ukuta wa kijani, ule ambao mhariri huubadilisha kwa mandhari nyingine. Karakana iwe karibu na mlango huo, ila isishirikiane ukuta na studio. Msumeno wa mbao unasikika mbali.

Sasa hewa. Kelele ya hewa inayopita kwenye mabomba hutegemea mwendo wake. Mkipunguza mwendo kwa nusu, kelele hushuka kwa desibeli 15 hadi 18, kushuka kukubwa mno. Ili hewa ileile ipite kwa nusu ya mwendo, bomba linatakiwa kuwa na eneo mara mbili. Gharama yake leo ni bati zaidi na nafasi zaidi juu ya dari. Gharama ya kufanya hivyo baadaye ni kuivunja dari yote, na hakuna chuo ninachokijua kilichowahi kuivunja. Mashine zenyewe zikae nje ya jengo la studio, juu ya msingi wao, ziunganishwe na mabomba kwa kipande laini kisichopitisha mtetemo.

Na joto lipigiwe hesabu kabla ya kuchagua mashine. Taa kumi za balbu za kilowati 2 zinatoa karibu kilowati 20 za joto, kwa sababu balbu za aina hiyo hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Taa za LED zinapunguza mzigo huo sana, na nakubaliana na orodha yenu kwamba ndizo zinunuliwe. Lakini watu thelathini ndani ya chumba wanatoa kilowati 3 hivi kwa miili yao tu, na watakuwa wamefungiwa humo saa kumi kwa siku bila dirisha. Hewa safi si anasa ya waigizaji.

Nije kwenye vipimo vya chumba, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nisimame pale hadi mlinzi akaja.

Chukueni kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea picha) cha ukubwa uitwao Super 35, unaotumika sana kwenye filamu. Katika umbo la picha la 16:9, kihisi hicho kina kimo cha milimita 14 hivi. Wekeni lenzi ya milimita 50, ya kawaida kabisa. Mnataka kumpiga mtu aliyesimama, kuanzia nyayo hadi juu kidogo ya nywele, kwa hiyo fremu inahitaji kubeba kimo cha mita 2.2. Gawanyeni: kamera itakaa karibu mita 8 kutoka kwake. Yeye mwenyewe asimame mita 3 mbele ya ukuta wa kijani, la sivyo rangi itamrudia mabegani na mhariri atalia. Nyuma ya kamera kuna mpiga picha, msaidizi wa fokasi, mwongozaji na skrini yake. Wapeni mita 1.5, na watabanana. Jumla mita 12.5, bado hamjaacha njia ya kupita. Studio yenu ina mita 9.

Mtu atasema tutumie lenzi pana. Tunaweza. Kila uso utakuwa na pua iliyotangulia, na kingo za seti zitaonekana. Mwanafunzi aliyejifunza kwa lenzi moja kwa sababu chumba hakimruhusu kutumia nyingine amejifunza chumba, hajajifunza upigaji picha.

Urefu wa dari ni mbaya zaidi. Fikirieni taa moja iliyoning'inia mita 3 kutoka sakafuni, wima juu ya mtu ambaye kichwa chake kiko mita 1.7. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Kichwa kiko mita 1.3 kutoka kwenye taa, miguu mita 3, hivyo kichwa kinapata mwanga zaidi ya mara 5 ya miguu. Ipandisheni taa hiyo hadi mita 5, tofauti inashuka hadi mara 2 na ushei. Ndiyo maana picha za studio fupi zina paji la uso linalong'aa na viatu gizani, na hakuna ufundi wa kuhariri unaoziponya. Zaidi ya hapo, ukuta wa seti una mita 2.5 hadi 3, taa zinahitaji karibu mita nzima kuning'inia, fimbo yangu ya maiki inahitaji kupita katikati bila kutupa kivuli, na juu ya gridi, yaani fremu ya vyuma ya kutundikia taa, kuna mabomba ya hewa yale mapana niliyowaomba. Gridi isiwe chini ya mita 5. Paa lenyewe liwe mita 6 na nusu au 7.

Hapa ndipo ninapopendekeza jambo litakalowaudhi wakuu wa idara, nami naomba radhi mapema. Acheni studio mbili. Jengeni moja, mita 15 kwa 12, ndefu kwa kimo, iliyo kimya. Msiigawe kwa ukuta wa kukunja. Kuta za kukunja huvujisha sauti na zitawarudisha mlikotoka. Kikundi kimoja kikiwa ndani, vingine vitakuwa karakana, kwenye chumba cha mazoezi, kwenye uhariri au nje. Ratiba ya studio moja inayofanya kazi ni rahisi kuipanga kuliko ya mbili ambazo haziwezi kurekodi kwa wakati mmoja kwa sababu zinasikiana kupitia ukuta wa pamoja, na katika mchoro huu zitasikiana.

Na ukumbi wa mihadhara utoke juu yake. Jenereta iende upande wa pili wa kiwanja. Uwanja wa kikapu siugusi. Wachezaji walikuwepo kwanza. Geuzeni jengo ili stoo, vyumba vya mavazi na vyoo vikae upande wa uwanja, viwe ngao.

Sakafu ya vigae vinavyong'aa iondolewe kabisa. Toroli la kamera likipita juu ya kiungo cha kigae, picha inaruka. Sakafu ya studio huwa uso mmoja mlaini, uliosawazishwa hadi tofauti isizidi milimita 3 ndani ya mita 3, ukapakwa rangi nyeusi isiyong'aa ambayo mtaipaka upya kila mwaka bila huruma.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi, mhandisi wenu anajua kuliko mimi. Njia ya umeme wa taa itengane na njia ya umeme wa vifaa vya sauti na kompyuta tangu kwenye transfoma, kila moja na saketi zake, la sivyo kila taa inapopunguzwa mwanga kutakuwa na nyuki ndani ya spika. Soketi ziwe ukutani pande zote nne na kwenye gridi, ili nyaya zisitambae sakafuni kuwakwaza watu gizani. Nyaya za kuongozea taa zitandazwe kwenye gridi nzima. Mfumo wa DMX512 uliotoka mwaka 1986 bado ndio lugha ya taa nyingi, nao unahitaji waya, fundi na subira. Kubwa kuliko yote, tandazeni mabomba matupu. Mabomba mapana, yasiyo na kitu, kutoka studio hadi chumba cha uongozaji, hadi uhariri, hadi ukumbi wa maonyesho, kila moja likiwa na kamba ndani ya kuvutia waya. Hakuna anayejua mwaka 2040 tutapitisha waya gani humo. Bomba tupu ndilo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika jengo hili, na ndilo linalosahaulika kila mara.

Orodha yenu imetaja kamera za 4K lakini haikutaja mahali picha zitakapokaa. Saa moja ya picha za 4K kwa ProRes 422 HQ (aina ya faili za video zinazopendwa na wahariri), fremu 25 kwa sekunde, ni zaidi ya gigabaiti 330. Vikundi kumi vikirudi na saa tatu tatu, mna terabaiti 10 mezani kabla ya chakula cha jioni, na kila kitu kinatakiwa nakala tatu, mojawapo ikiwa nje ya jengo. Mtandao wa gigabiti 1 unapitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa nadharia, yaani unambeba mhariri mmoja wa picha za aina hiyo na kumchosha. Wekeni wa gigabiti 10 tangu mwanzo, na seva iwe kwenye chumba chake chenye baridi, mbali na maiki zangu.

Ule ukuta mkubwa wa skrini za LED, wa kuonyesha mandhari nyuma ya mwigizaji, uliowekwa alama ya nyota kwenye orodha: usinunuliwe sasa. Ni teknolojia nzuri, nimeifanyia kazi. Ila paneli huzeeka, rangi zake huachana, na zinahitaji mtu wa kuzihudumia kila siku. Acheni nafasi, uwezo wa paa kubeba uzito na umeme wa kutosha. Ukodisheni kwa wiki mbili kila mwaka, wanafunzi wajifunze, kisha urudi kwa wenyewe.

Kuna chuo cha filamu huko Pune, India, kinachoitwa FTII. Serikali ilikianzisha mwaka 1960 katika majengo ya kampuni ya filamu ya Prabhat, iliyohamia Pune mwaka 1933. Chuo kilirithi kumbi za kupigia picha zilizojengwa na watu wa filamu, kwa ajili ya filamu, na vizazi vya wanafunzi vimejifunzia humo huku kamera zikibadilika mikononi mwao. Kamera mtakazonunua zitakuwa za kizamani kabla mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajapata kazi yake ya pili. Dari la mita 3.2 litabaki mita 3.2.

Usalama hauna mjadala. Gridi iandikwe uzito inaoweza kubeba, kwa herufi kubwa, mahali panapoonekana. Kila taa iwe na mnyororo wa pili wa usalama. Milango ya dharura miwili, pande tofauti, isiwekewe seti mbele hata siku moja. Mwanafunzi asipande ngazi peke yake.

Halafu watu. Mchoro una chumba cha mkuu wa idara chenye choo chake, lakini hauna meza ya mtunza vifaa. Naombeni ajira mbili ziingie kwenye bajeti kabla ya jengo kuisha: fundi wa kudumu wa studio, na mtunza stoo mwenye dirisha la kutolea vifaa, daftari au kompyuta, na ukali. Nimeona stoo isiyo na mtu ikigeuka makaburi ya nyaya ndani ya mihula miwili. Nimeona pia mtunza stoo mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefanya maiki nane zidumu miaka kumi na nne kwa kukataa tu kumpa mtu yeyote ambaye hakuweza kumwonyesha jinsi ya kuviringisha waya.

Sina uhakika kwamba mtakubali yote. Mkiweza kubeba mambo mawili tu, bebeni NC 20 kwenye mkataba na paa la mita 7. Mengine tutapigania tukiwa ndani.

Kabla ya hapo nawaalika kwa jambo dogo. Jumamosi hii nitakuwa kwenye kiwanja cha ujenzi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku, na maiki zangu nne na kinasa sauti. Nitaziweka kwenye pembe nne za studio kama zilivyo kwenye mchoro wenu, kisha nitakaa kimya. Nitaandika kila kinachoingia: malori, kengele, mpira unaodunda, jenereta likishika zamu umeme ukikatika. Daftari hilo litakuwa la msanifu, bure. Nitakuwa na hedifoni tatu za ziada. Njooni na viti, na tafadhali simu muzizime.

Wenu katika kazi,

Fundi sauti, mwalimu wa muda